Asali Safi na Asali ya Kuchanganywa: Tusidanganywe na Kiberiti

Kati ya maswali tunayoulizwa mara nyingi wodini na kliniki ni hili: "Sista, asali hii ni ya kweli?" Anayeuliza huwa ameshika chupa aliyonunua sokoni, kituo cha basi au kwa mchuuzi aliyepita mlangoni. Mara nyingi ameinunua kwa bei kubwa, akiitaka kwa ajili ya mgonjwa. Mwezi huu tulijibu swali hilo pamoja, kwa sababu anayedanganywa kwenye asali hapotezi fedha tu, anaweza kupoteza na afya.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hakuna kipimo cha nyumbani kinachoweza kuthibitisha kwamba asali ni safi. Vipo vinavyoonyesha kwamba asali ina maji mengi, basi. Tuone ni kwa nini.

ASALI NI NINI?

Nyuki hukusanya maji matamu ya maua. Wakifika mzingani huyatia vimeng'enya vya miili yao, huyapepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, kisha huziba vijumba vya sega kwa nta. Hapo ndipo asali huwa imeiva. Kwa kipimo cha kimataifa, asali ya nyuki wa kawaida isizidi sehemu 20 za maji katika sehemu 100 za uzito wake, na kwa asali nyingi sukari ya aina ile tunayotia kwenye chai isizidi sehemu 5. Utamu wake uliobaki ni hasa wa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi.

Kwa sababu ina maji machache na uchachu kiasi, vijidudu vingi haviwezi kuota ndani yake. Ndiyo maana hukaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini ikirinwa kabla ya kuiva, au ikiongezwa maji, huchacha: hutoa povu, hunukia kama pombe, na kifuniko cha chupa huvimba.

INACHANGANYWAJE?

Wako wanaoongeza maji tu. Wengine hutia sukari guru. Walio hodari zaidi huchemsha sukari, maji na ndimu mpaka ipatikane shira nzito yenye rangi ya dhahabu, kisha huongeza asali kidogo ya kweli ili inukie. Uchachu wa ndimu na moto huivunja sukari ya kawaida ikawa glukosi na fruktosi, yaani sukari zile zile zilizomo ndani ya asali. Kwa hiyo si ajabu ulimi ukidanganyika.

VIPIMO VYA MITAANI

(a) Kiberiti. Watu huchovya njiti ndani ya asali, kisha huiwasha. Ikiwaka, husema asali ni safi. Kipimo hiki hakitambui asali, kinahisi majimaji tu. Njiti iliyochovywa kwenye shira nzito nayo huweza kuwaka.

(b) Glasi ya maji. Husemwa kwamba asali safi huzama bila kuyeyuka upesi. Ni kweli kwamba kitu kizito huzama, lakini shira iliyochemshwa vizuri ni nzito pia.

(c) Karatasi, mchanga au kidole. Asali isipolowanisha karatasi, au isipotiririka kidoleni, maana yake ni nzito. Haimaanishi imetoka kwa nyuki.

(d) Sisimizi. Wengi huamini kwamba sisimizi hawaigusi asali safi. Waulizeni wafugaji wa nyuki! Wao hutundika mizinga kwa waya na kuzipaka waya hizo grisi au oili chafu, kwa sababu sisimizi na siafu huivamia mizinga. Kama sisimizi wasingeipenda asali ya kweli, kazi hiyo yote ingekuwa ya nini?

(e) Kuganda. Hapa wafugaji waaminifu huonewa sana. Asali ikiganda na kuwa na chembechembe, mnunuzi husema imetiwa sukari. Sivyo. Asali safi nyingi huganda, hasa yenye glukosi nyingi na iliyowekwa mahali pa baridi. Weka chupa ndani ya sufuria yenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka polepole. Usiichemshe jikoni, maana moto mkali huharibu harufu na vimeng'enya vyake.

(f) Rangi. Asali huwa nyeupe, ya dhahabu au nyeusi kufuatana na maua, umri wa masega na namna ilivyotayarishwa. Weusi si ushahidi wa usafi.

Tuongeze jambo moja kuhusu asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo huuzwa ghali kama dawa. Kwa asili yake ni nyepesi, chachu kidogo, na ina maji mengi kuliko asali ya kawaida. Ukiipima kwa karatasi au kiberiti utaitupa, kumbe ni ya kweli kabisa.

KINACHOSAIDIA

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Tunashauri msomaji alifuate neno hilo jinsi lilivyo: ifuate asali mpaka kwa mwenye nyuki.

1. Nunua kwa mfugaji unayemjua, au kwa kikundi chenye jina na mahali panapojulikana. Mikoa yenye misitu ya miombo kama Tabora, Katavi, Kigoma na Singida ina wafugaji wengi. Kama humjui yeyote, muulize ofisa nyuki wa wilaya yako. Familia kadhaa za jumuiya moja zinaweza kuchanga na kununua ndoo nzima wakati wa msimu wa kurina, kisha kugawana.

2. Kwa asali ya dukani, soma lebo: jina na anwani ya mtayarishaji, tarehe, namba ya toleo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo haina wa kumuuliza.

3. Pima uzito. Lita moja ya asali nzuri ina uzito wa kilo 1.4 hivi, na ndoo ya lita 20 hufikia kilo 28. Ikiwa lita haizidi kilo 1.3, ina maji mengi. Lakini uzito ukiwa sawa, bado hujathibitisha usafi.

4. Usiridhike kwa sababu umeona kipande cha sega au nyuki aliyekufa ndani ya chupa. Hata kwenye shira hutumbukizwa.

5. Jihadhari na bei ya chini mno. Anayeuza asali karibu na bei ya sukari, yawezekana anauza sukari.

Uhakika kamili hutafutwa maabara. Huko hupimwa maji na aina za sukari, huangaliwa chavua ya maua, na kuna vyombo vinavyoweza kutambua sukari ya miwa au ya mahindi, kwa kuwa mimea hiyo hujenga sukari yake kwa njia tofauti na miti na maua mengi ya nyuki.

HATA IKIWA SAFI

Hapa ndugu zetu tunaomba mtusikilize kwa makini, maana madhara makubwa hayaletwi na asali ya uongo peke yake.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa kidogo, hata ikiwa safi namna gani. Ndani ya asali huweza kuwamo bakteria wa ugonjwa wa botulizimu, wakiwa wamelala kama mbegu zenye ganda gumu. Kuchemsha kwa kawaida hakuwaui. Ndani ya tumbo changa huamka na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili ni kufunga choo, kunyonya kwa udhaifu, kilio hafifu, kope na shingo kulegea. Mkimbizeni hospitali upesi, na msisahau kutaja kwamba alipewa asali. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha.

Mwenye kisukari asidhani kwamba asali safi haimdhuru. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 17 hivi za sukari, na hupandisha sukari ya damu. Tunawapokea wagonjwa walioacha sukari kwenye chai wakaweka asali, wengine hata vidonge wakaviacha. Dawa isiachwe bila ushauri wa daktari.

Vidonda na majeraha ya moto visimiminiwe asali ya sokoni. Asali inayotumika kutibu vidonda hospitalini huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi, na mgonjwa huangaliwa. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya bomba au ya kumimina kwa dakika 20, kisha aletwe.

Kwa kikohozi cha mafua, mtoto aliyezidi mwaka mmoja anaweza kupewa kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala. Humtuliza. Lakini akipumua haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mleteni mara moja, usiku huo huo. Na yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, asibaki nyumbani akilamba asali.

Kwa kifupi: kiberiti kiwashe jiko, asali tuifuate kwa mwenye nyuki, na mtoto mchanga tumwachie ziwa la mama yake.