Fahamu: Admini wa kundi la WhatsApp ana mamlaka gani?

Admini ni mwanakikundi anayeweza kuongeza watu, kuwatoa na kuamua nani aandike. Halipwi. Mara nyingi ni mweka hazina wa harusi au katibu wa chama aliyejikuta mlezi wa mazungumzo ya mamia ya watu. Tangu 2022 kundi moja hubeba hadi watu 1,024.

Ana nyenzo zipi?

Tangu 2018 anaweza kufunga kundi ili maadmini pekee waandike. Makundi ya msiba hulihitaji hili kuliko yote, kwani inaumiza kuona rambirambi zikifukiwa na matangazo ya viwanja na ugomvi wa siasa. Tangu 2022 anaweza pia kufuta ujumbe wa mwenzake usionekane na yeyote.

Kumtoa mtu ni hatua nzito, hasa katika kundi la ukoo, ambako aliyetolewa mtakutana naye arusini. Ni heri kumfuata kwanza faraghani. Aliyekaripiwa mbele ya wote hujitetea mbele ya wote.

Sheria inasemaje?

Kabla ya uchaguzi wa 2017 nchini Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa zilitoa mwongozo uliowataka wasimamizi wadhibiti mijadala ya kisiasa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa uonevu mtandaoni na taarifa za uongo. Humhusu kila anayeandika, awe admini au asiwe.