Kikaragosi na Mwana Hiti: Suala la Istilahi katika Utafiti wa Uzamili

Mwanafunzi wa uzamili anayenuia kuchunguza sanaa ya vikaragosi nchini Tanzania hukabiliwa kwanza na tatizo la istilahi. Neno kikaragosi asili yake ni Karagöz, mhusika wa maigizo ya vivuli ya Kituruki. Ni neno la mkopo, kama lilivyo jina la Feri, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Aidha, lina maana ya mtu anayetumiwa na wengine. Hivyo, mtafiti akiuliza habari zake pale Feri, huenda akajibiwa habari za siasa.

Je, mwana hiti ni kikaragosi? Sanamu hiyo ya mti ilihusiana na mwali wa Kizaramo awapo utawani. Haikuchezeshwa mbele ya hadhira. Wasukuma, kwa upande wao, walitumia sanamu katika mashindano ya ngoma, baadhi zikiwa na viungo vinavyochezeshwa.

Kwa maoni yetu, kigezo kiwe uchezeshaji mbele ya hadhira, wala si umbo. Kwa kigezo hicho, sanamu za Wasukuma zimo, ilhali mwana hiti hubaki katika unyago. Pasipo kigezo, tasnifu ama itakana sanaa iliyokuwapo, ama itabuni isiyokuwapo.