Rutuba ya Shamba Inapoishia Ziwani

Mvua inyeshapo juu ya vilima vya Nkwenda, maji yateremkayo hubeba udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Udongo huo huingia mabondeni, kisha katika Mto Kagera, na hatimaye katika Ziwa Victoria. Humo, naitrojeni na fosforasi zilizopaswa kulisha migomba na kahawa hustawisha magugu maji na mwani; mimea hiyo ikioza hupunguza oksijeni wanayoihitaji samaki. Hivyo hasara ya mkulima huwa pia hasara ya mvuvi.

Wananchi wanakumbushwa kuweka matandazo migombani, kuchimba makinga maji yanayokingama na mteremko, na kutolima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kama inavyoelekeza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.