Kabla hujaforwadi hiyo sauti, panda boda uende Minjila

Niambie ukweli. Wiki hii umeforwadi sauti ngapi za WhatsApp bila kujua zimetoka kwa nani? Usijibu haraka. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, tena nikijiita mwanahabari, au tuseme nusu mwanahabari, maana diploma niliiacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Nilichobaki nacho ni simu yenye kioo kilichopasuka, maiki ya kubana kwenye kola na programu ya bure ya kukata sauti.

Basi kituo fulani cha redio kikaniambia kiko tayari kurusha makala yangu ya dakika nane kuhusu kazi ya habari kijijini. Nauli? "Tutakutaja jina hewani." Sawa. Nikapanda basi Malindi, zaidi ya kilomita mia moja, nikashuka Garsen na jua la saa saba utosini.

Kwa nini Garsen? Kama una miaka ishirini na kitu, mwaka 2012 ulikuwa shule ya msingi na huenda hukusikia. Tarehe 22 Agosti mwaka huo, kijiji cha Reketa hapa Tana Delta kilivamiwa na watu takriban 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Disemba, Kipao. Ilipofika mapema 2013 waliokufa walikuwa wamepita 100. Wapokomo ni wakulima wa kando ya mto, Waorma ni wafugaji, na ugomvi wa mashamba na maji ni wa tangu zamani. Lakini kati ya shambulio moja na jingine kulikuwa na kitu kingine kikitembea: uvumi. Kwamba wale wananunua bunduki, kwamba kesho ni zamu yenu. Hakuna wa kumuuliza, basi unaamini, unanoa panga.

Ndiyo maana baadaye ulianzishwa mradi ulioitwa Una Hakika, wa shirika la Sentinel Project la Canada pamoja na watafiti wa iHub, Nairobi. Umesikia jambo? Unatuma ujumbe mfupi. Wao wanawauliza watu wao wa kujitolea vijijini na maafisa wa eneo, halafu wanakurudishia jibu: ni kweli, ni uongo, au bado tunachunguza. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Mara ya mwisho kusikia mtangazaji akisema "bado tunachunguza" ilikuwa lini?

Redio inaweza kwenda upande wowote, unajua. Rwanda mwaka 1994, RTLM ilisoma majina ya watu wa kuuawa. Kwetu, mtangazaji Joshua arap Sang alifikishwa hadi Hague kwa madai kuhusu ghasia za 2007 na 2008, kesi ikasitishwa Aprili 2016. Na wakati uleule wa ghasia, Pamoja FM pale Kibera ilikuwa inawaomba vijana watulie. Mitambo ni ileile.

Haya, turudi Garsen. Kijiji cha Idsowe, karibu na daraja, nilimpata mama mmoja mzee. Shamba lake la mahindi lilikuwa limeliwa na ng'ombe. Alizungumza Kipokomo, mjukuu akanitafsiria, na alipofika kwenye usiku ule sauti ikamkatika. Nyuma jogoo anawika. Nilikuwa nimeshika maiki upana wa kiganja kutoka mdomoni mwake, upepo hausikiki kabisa. Moyoni nikasema hii ndiyo ya kufungulia makala. "Waliwaingiza makusudi," alisema.

Nilikuwa nafunga mkoba wakati kijana wa boda aliniuliza, kama mzaha tu, "Na kule Minjila umeuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa na sauti tamu, ya nini tena kuuliza?

Tukaenda. Mzee mwenye ng'ombe alinikaribisha chai ya maziwa kabla ya swali lolote. Akaniambia malka, yaani njia ya mifugo kushukia mtoni, ilizibwa na mashamba mapya. Ng'ombe walikuwa na kiu, wakavunja boma usiku. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa chifu, wakaandikishana, na nusu ya fidia ameshatoa. Akafungua mfuko wa plastiki akanionyesha karatasi yenye dole gumba la yule mama.

Nikarudi Idsowe, aibu imenijaa. "Bibi, mbona hukuniambia amelipa nusu?"

Alinitazama kama mtoto aliyemwaga maji. "Mwanangu, hukuniuliza."

Kaa na hiyo kidogo. Yule bibi hakudanganya. Ni mimi niliyekuja nikitafuta kilio, nikakipata, nikazima simu. Ningerusha vile, mtu angeikata sekunde 30 tu, na kufikia jioni ingekuwa kwenye kila grupu kuanzia Hola hadi Kipini.

Na swali lenyewe, nani aliruhusu malka izibwe, lisingeulizwa. Hilo ni la kaunti. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 kuna sheria kamili ya kuitekeleza. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kushirikisha wananchi. Lakini utashiriki vipi mkutano ambao hukusikia umeitishwa? Redio ya Nairobi haitakutangazia kikao cha malka. Siilaumu, ina foleni ya Thika Road ya kutangaza.

Makala niliikata usiku, nikiwa nyumba ya wageni, feni ikiwa imezimwa ili isiingie kwenye sauti yangu. Nilimwacha bibi azungumze Kipokomo sekunde chache kabla ya tafsiri kuingia juu yake, na mzee hivyohivyo kwa Kiorma, ili kila upande usikie lugha ya mwenzake ikiwa na mtu ndani yake. Dakika nane na sekunde kumi.

Kituo kikajibu: nzuri, lakini fanya nne, toa Minjila, acha kilio, kinagonga.

Nilikataa. Usinipigie makofi, mwezi ule kodi nililipa kwa kukopa. Badala yake niliituma kwa mjukuu wa bibi na kwa mzee wa Minjila, siku moja, saa moja. Mjukuu alisema waliisikiliza mara tatu na majirani. Mzee alinitumia sauti ya sekunde tisa: ng'ombe walioingia shambani walikuwa saba, mimi nimesema tisa.

Nimemuuliza bibi. Naye anasema saba. Leo usiku nazima feni tena.