Ulimwengu wa kompyuta unavyotuliza maumivu na kupunguza hofu

Mtu aliyeungua kwa moto huteseka zaidi ya mara moja. Kwanza ni siku ya ajali yenyewe. Kisha ni kila mara muuguzi anapofungua bendeji, kuosha kidonda na kuondoa ngozi iliyokufa. Kazi hiyo ni ya lazima, la sivyo kidonda kitaingia viini. Hata hivyo, maumivu yake ni makali hivi kwamba hata dawa zenye nguvu za jamii ya morfini mara nyingi hazitoshi. Wapo wagonjwa, hasa watoto, ambao huanza kulia kabla bendeji haijaguswa.

Shida hiyo ndiyo iliyowafanya wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, kuanza kujaribu njia mpya katika miaka ya 1990. Muuguzi anapoosha kidonda, mgonjwa huvalishwa kifaa machoni na kujikuta katika bonde la barafu. Theluji inaanguka. Anaelea polepole kati ya kuta nyeupe, na kazi yake ni kurusha mipira ya theluji kwa masanamu na ndege aina ya pengwini wanaotokea mbele yake. Mchezo huo, uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu walioungua, unaitwa SnowWorld.

Teknolojia hiyo inajulikana kama uhalisia pepe, yaani mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta ambayo mtu huyaona kana kwamba yumo ndani yake. Kifaa anachovaa huonyesha kila jicho picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, jinsi macho yetu yanavyoona vitu vya kawaida, na hivyo picha huonekana kuwa na umbali na kina. Vipimo vilivyomo hufuatilia kichwa kinavyogeuka, na kompyuta hubadilisha picha papo hapo. Ukiinua kichwa unaona anga, ukigeuka nyuma unaona ulikotoka. Chumba cha hospitali hakionekani tena.

Kwa nini maumivu hupungua

Maumivu hayatokani na kidonda peke yake. Mishipa ya fahamu hupeleka habari, lakini ni ubongo unaozipokea na kuzipa uzito. Uwezo wa ubongo wa kufuatilia mambo mengi kwa wakati mmoja una kikomo. Ndiyo maana mchezaji kandanda anaweza kuumia mguu katikati ya mechi kali na asitambue uzito wa jeraha lake mpaka kipenga cha mwisho kilie. Ubongo ulioshughulishwa na bonde la barafu hubaki na nafasi ndogo ya kusikiliza kidonda.

Mnamo mwaka 2000, Hoffman na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu la Pain kuhusu vijana wawili waliokuwa wakitibiwa majeraha ya moto. Walipocheza mchezo wa kawaida wa video wakati wa matibabu, maumivu yalibaki makali. Walipovaa kifaa cha uhalisia pepe, yalipungua sana. Mwaka 2004 watafiti hao walipiga picha za ubongo wa watu wenye afya waliokubali kuguswa mguuni na kifaa chenye joto la kuumiza. Walipoingia katika SnowWorld, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zilipunguza kazi yake. Kwa hiyo wagonjwa hawakuwa wakijikaza kiume tu. Jambo fulani lilikuwa limebadilika ndani ya ubongo.

Ni muhimu kufahamu kwamba wagonjwa wa Seattle hawakunyimwa dawa. Kifaa hicho kiliongezwa juu ya dawa walizokuwa wakipewa.

Kuzoea kinachotisha

Matumizi ya pili yanahusu hofu iliyopita kiasi. Kuna watu wasioweza kuingia katika lifti, kupanda ndege au kusimama katika roshani ya ghorofa ya tatu. Wengine hukataa kazi nzuri kwa sababu ofisi iko juu. Kwa miaka mingi, tiba inayoaminika zaidi imekuwa kumkabilisha mgonjwa na kinachomtisha, hatua kwa hatua, mpaka mwili wake ujifunze kuwa hakuna linalomdhuru. Lakini kumpeleka mgonjwa uwanja wa ndege kila juma ni ghali, na wengi hutoroka tiba kabla ya kuianza.

Mwaka 1995, Barbara Rothbaum wa Chuo Kikuu cha Emory na Larry Hodges, mtaalamu wa kompyuta, pamoja na wenzao mjini Atlanta, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wanafunzi walioogopa kimo. Wanafunzi hao walipandishwa madaraja, roshani na lifti ya vioo, vyote vikiwa ndani ya kompyuta, huku miguu yao ikiwa imara sakafuni. Viganja vilitoa jasho na mioyo ikaenda mbio, ingawa kila mmoja alijua kwamba hawezi kuanguka. Hofu yao ilipungua. Isitoshe, 7 kati ya 10 waliomaliza tiba walikuwa wamekwenda wenyewe kujaribu mahali pa juu pa kweli, bila ya kuagizwa.

Baadaye Rothbaum na wenzake waliitumia njia hiyo kuwasaidia wanajeshi wa zamani wa Marekani waliosumbuliwa na kiwewe cha vita vya Vietnam. Nako Uingereza, Profesa Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowashirikisha watu 100 wanaoogopa kimo. Safari hii mshauri mwenyewe alikuwa sura na sauti ya kompyuta. Waliopata tiba hiyo waliona hofu yao ikishuka kwa wastani wa asilimia 68.

Kufundisha mkono upya

Matumizi ya tatu ni kwa watu waliopooza baada ya kiharusi. Sehemu ya ubongo ikifa, sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, lakini kwa sharti moja: mgonjwa arudie mwendo uleule mamia ya mara. Mtu anayeambiwa afungue na kufunga kiganja mara 300 kwa siku huchoka mapema, si misuli tu bali hata moyo. Akipewa mchezo wa kudaka matunda yanayoanguka au kupanga vyombo kwenye rafu, huku kompyuta ikimhesabia pointi, hurudia mwendo huohuo bila kuhesabu.

Hapa pana haja ya kusema ukweli wote. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalochambua utafiti wa kitabibu duniani, lilikusanya majaribio 72 yaliyohusu wagonjwa 2,470 wa kiharusi. Lilipata kwamba michezo hiyo haikuushinda mkono wa mtaalamu wa viungo katika kurejesha uwezo wa mikono. Manufaa yalionekana pale ilipoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida, kwa kuwa mgonjwa alipata muda mrefu zaidi wa kujizoeza. Kwa hiyo familia inayomwachisha mgonjwa kliniki ya viungo ili ikamnunulie mashine inapoteza zaidi ya inachopata.

Tahadhari

Vifaa hivi haviwafai watu wote. Wengine hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu macho yanasema mwili unakwenda na masikio ya ndani yanasema umetulia. Mwenye kifafa ni lazima amwulize daktari kwanza, kwani taa zinazomulika haraka zinaweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya watu. Aidha, mtu aliyepatwa na ukatili au ajali mbaya asijaribu kuirudia peke yake nyumbani kwa kutumia michezo ya dukani. Tiba ya kiwewe huhitaji mtaalamu anayejua wakati wa kusonga mbele na wakati wa kusimama. Nchini Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba iliidhinisha mnamo Novemba 2021 programu ya uhalisia pepe kwa maumivu sugu ya mgongo, lakini kwa sharti kwamba iandikwe na daktari.

Bila mashine

Wengi wetu hatutaviona vifaa hivi katika hospitali zilizo karibu nasi leo wala kesho. Hata hivyo, kanuni zinazovifanya vifanye kazi hazihitaji umeme. Mtoto anayefungwa bendeji anaweza kusimuliwa hadithi inayomtaka ajibu, ahesabu au atoe kitendawili. Akiachwa akitazama kidonda, maumivu huzidi. Anayeogopa lifti anaweza, akishauriana na mtaalamu, kuanza kwa kusimama mlangoni, kesho aingie na kutoka, kisha apande ghorofa moja.

Kwa aliyepooza upande mmoja, kuna kioo cha kawaida. Katika miaka ya 1990, daktari V. S. Ramachandran wa California aliwasaidia watu waliokatwa mkono na ambao bado walihisi mkono huo ukiwauma. Aliwawekea kioo wima katikati ya mwili, na mkono mzima ulipotembea, sura yake kiooni ilionekana kama ule uliokosekana umerudi. Wataalamu wa viungo huitumia mbinu hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi pia. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018, uliotazama tafiti 62, ulipata kwamba inasaidia kurejesha mwendo inapoambatana na mazoezi ya kawaida. Ikiwa una mgonjwa nyumbani, mwulize mtaalamu wake wa viungo akuonyeshe namna ya kukiweka kioo, mazoezi gani yafanywe na kwa muda gani.