Kamera ya Kompakti au Isiyo na Kioo? Mwongozo kwa Mkaazi Anayetaka Kuifanya Picha Kazi

Msimu wa harusi na mahafali ukifika, wapiga picha huonekana kila pembe ya Kaunti ya Kajiado, kuanzia kumbi za Kitengela na Ongata Rongai hadi maboma ya Mashuuru na Loitokitok. Kwa kijana anayeanza, mtaji mkubwa wa kazi hii ni kamera yenyewe. Pesa zake hutoka kwa akiba ya chama, kwa mkopo, au kwa ng'ombe wa familia aliyeuzwa soko la Ilbissil. Kamera isiyofaa ikishanunuliwa, hasara haimwangukii mpiga picha peke yake, bali pia wale waliomwamini na pesa zao.

Makala haya yanaeleza tofauti kati ya aina mbili za kamera ambazo mnunuzi wa mara ya kwanza hukutana nazo dukani, na jinsi ya kuamua ni ipi inayoifaa kazi yako.

Tofauti iko wapi?

Kamera ya kompakti ni ile ndogo inayoingia mfukoni. Lenzi yake imefungwa mwilini na haitoki. Unaiwasha, lenzi inachomoza, unapiga.

Kamera isiyo na kioo, ambayo wauzaji huiita mirolesi, hukuruhusu kubadilisha lenzi kulingana na kazi. Jina lake linatokana na kitu kilichoondolewa. Ndani ya kamera za DSLR mna kioo kinachoelekeza mwanga kwenye kidirisha cha kutazamia. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka ili mwanga upite. Katika kamera isiyo na kioo, mwanga huingia moja kwa moja hadi ndani, na wewe huiona picha kwenye skrini. Kampuni ya Panasonic ilitoa kamera ya Lumix G1 ya mfumo huu mwaka wa 2008. Kufikia 2018, Canon na Nikon nazo zilikuwa zimeanza kuzihamishia kamera zao za kitaalamu huko.

Kompakti zilikuwa na enzi yake. Mwaka wa 2010 watengenezaji walisafirisha zaidi ya kompakti milioni 100 duniani. Baadaye simu zikachukua nafasi yake. Kwa hivyo swali la kwanza si kompakti au mirolesi, bali ni hili: je, simu uliyo nayo haitoshi? Kama unataka tu picha za ploti, mbuzi wa kuuza au bidhaa za duka kwa ajili ya WhatsApp, simu nzuri inatosha. Weka pesa zako.

Siri iko kwenye kihisi

Wauzaji hupenda kutaja megapikseli. Idadi hiyo si kipimo cha ubora. Picha ya inchi 8 kwa 12 ikichapishwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, huhitaji megapikseli 9 hivi, na takriban kila kamera ya siku hizi inapita hapo.

Kipimo cha maana zaidi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kompakti nyingi za bei nafuu zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Kamera nyingi zisizo na kioo za ngazi ya kuanzia zina kihisi kiitwacho APS-C, cha takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha, utaona eneo la kihisi cha pili ni kubwa karibu mara 13. Ni kama kuweka kikombe na karai nje mvua ikinyesha: mvua ni moja, lakini maji utakayokinga si sawa.

Mchana, chini ya jua la Kajiado, tofauti hiyo haionekani sana kwa sababu mwanga ni mwingi. Huonekana jioni, ndani ya hema la arusi au kanisani kwenye taa hafifu. Hapo kihisi kidogo hutoa picha zenye chembechembe na nyuso zilizofifia.

Kuna kompakti za daraja la juu zenye kihisi cha inchi moja, cha milimita 13.2 kwa 8.8. Hizo hufanya kazi nzuri zaidi, lakini bei yake hukaribia ile ya kamera isiyo na kioo. Muulize muuzaji ukubwa wa kihisi kabla ya kuuliza megapikseli.

Linganisha na kazi yako

Harusi, ruracio, mahafali na ibada: kamera isiyo na kioo ndiyo inayofaa. Mbali na kihisi kikubwa, inakuruhusu kuongeza lenzi inayopenya giza. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, hiyo ya kawaida ikivutwa hadi f/5.6. Pia hufuata uso wa mtu kwa haraka, jambo la muhimu bibi arusi anapoingia akicheza.

Wanyama na watalii: hapa kompakti ina hoja. Zipo zinazovuta picha mara 30, na mwongoza watalii wa Amboseli anaweza kumpiga ndovu wa mbali bila kubeba mzigo. Ili kufikia umbali huo kwa kamera isiyo na kioo, utahitaji lenzi ndefu ambayo huenda ikagharimu zaidi ya kamera yenyewe. Watafiti ambao wamefuatilia ndovu wa Amboseli tangu 1972 huwatambua mmoja mmoja kwa mikato na mishipa ya masikio. Kwa kumbukumbu ya namna hiyo, picha ya mchana inayoonyesha sikio waziwazi hufaa kuliko picha ya kupendeza tu. Kama picha ni za biashara, uliza kwanza utawala wa hifadhi kuhusu kibali na ada.

Kumbukumbu za kikundi, shamba au mifugo: kompakti inatosha. Ni nyepesi, na kila mwanachama anaweza kujifunza kuitumia kwa siku moja.

Usisahau vumbi

Jina Amboseli linatokana na neno la Kimaasai, empusel, linalotaja mahali penye vumbi la chumvi. Anayepita barabara zetu za changarawe wakati wa kiangazi anajua kwamba vumbi halikai Amboseli pekee.

Kwa kamera isiyo na kioo, hatari huja unapobadilisha lenzi, kwa sababu katika kamera nyingi kihisi hubaki wazi. Badilishia ndani ya gari lililofungwa au chumbani, izime kamera kwanza, na uielekeze chini. Kompakti nayo haijasalimika: lenzi yake ikichomoza na kurudi huweza kuvuta vumbi ndani, na kulisafisha huhitaji fundi kuifungua. Kwa aina zote mbili, mfuko wa plastiki unaofungika vizuri ni kinga ya bei rahisi.

Piga hesabu nzima

Bei ya kamera si gharama yote. Kamera isiyo na kioo hula betri kwa sababu skrini huwaka muda wote. Panga kuwa na betri mbili au tatu. Ongeza memori kadi mbili, mkoba, flashi, na baadaye lenzi ya pili.

Chukua mfano huu, ambao si bei ya soko. Tuseme kamera isiyo na kioo na vifaa vyake imekugharimu shilingi 120,000, na kila kazi hukuachia shilingi 2,500 baada ya nauli, uchapishaji na msaidizi. Utahitaji kazi 48 kurudisha pesa. Ukipata kazi moja kwa wiki, huo ni karibu mwaka mzima. Kama mkopo wako unatakiwa kulipwa kwa miezi sita, hesabu haikubali. Anza na kamera ya kukodi, au mnunue kama kikundi, kisha uamue baada ya kazi kumi za kwanza.

Ukinunua iliyotumika

Kamera iliyotumika inaweza kuwa nafuu ya kweli, mradi uikague:

- Piga picha ya karatasi nyeupe kwa f/16, kama kamera ina mpangilio huo. Madoa yanayorudi mahali pale pale ni vumbi kwenye kihisi.
- Mulika lenzi kwa tochi uone kama ina ukungu au mikwaruzo.
- Uliza shata imepigwa mara ngapi, na muuzaji akuonyeshe.
- Linganisha nambari ya kamera na ile ya risiti. Kupatikana na mali ya wizi ni kosa la jinai.
- Kwa kamera mpya, hakikisha warranti inatambuliwa nchini Kenya.

Sheria na fursa

Uso wa mtu ni data yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, pata idhini kabla ya kutumia picha ya mtu kutangaza biashara yako. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi. Mwaka wa 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Fomu fupi yenye sahihi itakuokoa.

Ukifungua studio, chukua leseni ya biashara kutoka kwa kaunti. Vijana, kina mama na watu wanaoishi na ulemavu waliosajili biashara zao wanaweza pia kujiandikisha kwa mpango wa AGPO, unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali. Huduma za picha na video ni miongoni mwa kazi ambazo ofisi za umma hununua.

Kabla ya kulipa, andika kwenye karatasi kazi tatu utakazofanya na kamera hiyo mwezi wa kwanza. Kama mbili kati yake ni za usiku au za ndani, tafuta isiyo na kioo. Kama zote ni za mchana na za safari, kompakti itakufaa. Na kama huwezi kuzitaja hizo tatu, endelea kutumia simu huku ukitafuta wateja.