Doa la Msumari

Lowesha kipande cha ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, weka msumari juu yake, ukalale. Asubuhi utakuta doa jeusi lenye ubuluu kidogo ndani yake, halitoki kwa sabuni. Fundi viatu atasikitika. Sisi tunaoshona ala za panga, doa hilo ndilo rangi yetu.

Magome yana tanini. Ndiyo sababu miti ya miwati ya Njombe huchunwa magome yake. Chuma kikikutana na tanini, weusi huzaliwa ndani ya ngozi yenyewe. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo. Mimi hutumbukiza waya wa kusugulia masufuria ndani ya siki, nauacha siku kadhaa, nachuja. Maji yake hayatishi kwa rangi, lakini yakigusa ngozi, weusi hutokea mbele ya macho yako. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu, kama ile ya viatu vingi vya dukani, usihangaike nayo: haina tanini ya kutosha.

Tuseme mteja anataka ala ya kahawia yenye theluthi nyeusi kuanzia mdomoni. Mbao mbili nyembamba huvalishwa ngozi ya milimita 1.5 iliyolowa, ikashonwa mgongoni. Ikikauka hunywea na kukaza kama ngoma. Hapo ndipo naanza rangi, kwa sababu kwenye ngozi yenye maji rangi hutembea inakotaka. Kahawia hupakwa kote kwanza. Nyeusi huifunika kahawia, kahawia haiwezi kuifunika nyeusi.

Kazi yenyewe iko mpakani. Nyuzinyuzi za ngozi hunyonya maji kama utambi wa koroboi, na maji ya chuma hukimbia humo. Kwa ncha ya kisu nachora mstari wenye kina kisichozidi theluthi ya unene wa ngozi, nyuzi zikatike. Kisha brashi ndogo, karibu kavu, inaanza mbali na mstari na kuusogelea polepole.

Mpini ni hadithi nyingine, na mimi naupenda zaidi. Kamba nyembamba huzungushwa kwenye mti, ngozi laini isiyofika milimita 1 hubandikwa kwa gundi juu yake, ikabanwa kwa uzi ingali imelowa, ikatoa matuta. Napaka rangi ya spiriti ya giza kote, halafu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo nafuta vichwa vya matuta tu. Mabonde hubaki meusi. Mkono wa mwenye upanga ungefanya hivyohivyo baada ya miaka.

Gundi iliyomwagika huziba ngozi, rangi isiingie. Ala yangu ya kwanza ina alama ya kidole gumba, iliyopauka, karibu na mshono.

Mwisho napangusa sehemu nyeusi kwa maji ya bikaboneti ya soda kuua asidi, na ikikauka nasugua kwa kitambaa cheupe hadi kisichafuke, ndipo nta ya nyuki. Maadamu ala bado inanuka siki, upanga hulala nje.